Sahani ya Mgosi

Nimestaafu kazi, kuuliza sijastaafu. Wauza mbegu wa sokoni hapa Lushoto wanalijua hilo. Wakiniona nakuja wanaambizana, "Huyo mzee wa maswali, ficheni pakiti zisizo na maelezo." Nawasikia. Nakwenda kwao hivyo hivyo.

Sasa ninyi vijana mnaopanda mlima kuja huku wakati wa likizo na kupita kwangu kuuliza kazi ya maabara ikoje, nimechoka kuwajibu mmoja mmoja huku chai yangu inapoa. Nimeamua kuandika. Msitegemee niende kwa mpangilio wa miaka. Miaka yenyewe nikiitazama kwa nyuma naona inafanana, ila ule mmoja.

Kazi yangu ilikuwa kulea seli za saratani. Ndiyo, kuzilea: kuzilisha, kuzihamisha sahani yao ikijaa, kuzigandisha, kuziamsha tena. Nilipomweleza mama yangu mara ya kwanza, aliweka chini kisu cha kumenyea viazi, akaniambia kwa Kishambaa, ambacho kwa mambo kama haya ni kikali kuliko Kiswahili, kwamba wenzangu wote wanaiua saratani, mimi peke yangu ndiye nimesomeshwa ili niilishe.

"Hatuwezi kuizuia bila kujua inasikia nini, mama."

"Inasikia?"

"Inasikia."

Akachukua kisu chake. "Basi iambie iache."

Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, na nyingi zilikuwa zinasema jambo hilo hilo kwa urefu.

Nieleze kidogo, maana najua mtauliza. Seli ya mwili haijiamulii kukua. Inasubiri kuambiwa, na inaambiwa kwa protini ndogo ndogo zinazoelea nje yake, ambazo tunaziita vichocheo vya ukuaji. Ukijikata kidole, vichocheo vinatolewa pale penye jeraha, seli za jirani zinapata habari, zinagawanyika mpaka kidonda kinafunga. Kichocheo chenyewe hakihitaji kuingia mpaka ndani ya kiini. Kinagusa kipokezi kilichochomoza juu ya seli, kipokezi kinaamsha protini ya ndani, hiyo inaamsha nyingine, hivyo hivyo mpaka habari inafika kwenye kiini, zilipo jeni. Hapo jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa, na baadhi ya zile zilizokuwa zikisomwa zinanyamazishwa. Jeni hazibadiliki maandishi yake. Kinachobadilika ni zipi zinasomwa, na kwa nguvu gani. Jeni ikisomwa, seli inatoa nakala zake, na nakala hizo ndizo sisi tulikuwa tunazipima.

Seli ya saratani ina kasoro katika kusikia. Nyingine ina vipokezi vingi kupita kiasi, kwa hiyo mnong'ono kwake ni kelele. Nyingine kipokezi chake kimekwama, kinaamsha watu ndani hata kama nje hakuna aliyebisha hodi. Nyingine inatengeneza kichocheo yenyewe na kujisikiliza. Siku hizi mashine inasoma jeni zote kwa mkupuo. Wakati wetu tulikwenda jeni moja baada ya nyingine, na kila jeni ilikuwa na mtu wake anayeililia.

Mkuu wetu wa maabara pale Dar es Salaam alikuwa Daktari Felista, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe linalomfika kwenye visigino. Nilifika kwake kwa usaili nikiwa nimetoka chuo kikuu na vitu viwili, cheti na mdomo. Mwisho wa usaili akaniuliza kama nina swali. Nikamwuliza anajuaje kwamba joto linaloandikwa kwenye mlango wa inkubeta ndilo joto lililomo ndani. Inkubeta ni lile kabati la joto ambamo seli zinaishi. Akanitazama, akatoka, akarudi na kipimajoto, akakiweka ndani, tukasubiri. Namba hazikulingana.

"Unatoka wapi wewe?" akaniuliza.

"Lushoto."

"Haya, Mgosi. Jumatatu uje na viatu vya kufunika vidole."

Mgosi ndiyo heshima tunayowapa wanaume wa huku kwetu, na watu wa Dar wanaitumia kwetu sote kwa utani. Kuanzia siku hiyo jina langu la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Niliajiriwa kwa mkataba wa muda.

Aliyenifundisha kazi kwa mikono alikuwa Pili, fundi sanifu wetu, mwanamke wa Tanga mwenye maneno. Pili alikuwa ameshawahi kuiangusha maabara nzima kabla sijafika, na alilisimulia kwa fahari kama mtu anayeonyesha kovu. Nyumbani alikuwa akikaanga maandazi ya kuuza kabla ya kuja kazini. Sahani zikawa zinaharibika moja baada ya nyingine, mchuzi unachafuka, na hadubini inaonyesha vidude vya mviringo vinavyochipua vingine pembeni. Walisafisha kila kitu. Walimlaumu hata fundi aliyepaka rangi ukutani. Mwishowe Daktari Felista akamshika Pili mkono, akamnusa.

"Hamira!"

"Daktari akaniambia nichague," Pili alinisimulia, "seli au maandazi. Nikamwambia Daktari, maandazi yananilipa vizuri zaidi, lakini hayanipi heshima mtaani." Biashara akamwachia dada yake. Na ninyi mtakaokwenda maabara, mjue kwamba kucha zenu zinakumbuka mlichofanya asubuhi.

Nimetaja mchuzi. Hilo lilikuwa jina letu la maji mekundu ya chakula ambamo seli zinaogelea. Jifunzeni kuisoma rangi yake. Mchuzi ukigeuka manjano, seli zimejaa na zimeuchafua. Ukienda kwenye zambarau, sahani imekaa nje ya inkubeta muda mrefu. Kwenye mchuzi wa kawaida tunatia seramu ya ndama, yaani yale maji yanayobaki damu yake ikiganda, na seramu imejaa vichocheo vya ukuaji vya kila aina. Kwa hiyo ukitaka kujua kichocheo kimoja kinafanya nini, lazima kwanza uiondoe seramu, uziache seli zikae na njaa tangu jana yake, zitulie, jeni zao za ukuaji zinyamaze. Pili aliita kazi hiyo kufungisha. Ukienda kuifungua inkubeta kwa pupa anakupigia kelele: "We Mgosi, seli zangu zimefunga, usizifuturishe kabla ya wakati!" Ukishatia kichocheo, ndiyo umefuturisha. Mkristo na Mwislamu, maabara nzima tulisema hivyo.

Sasa nije kwenye ule mwaka.

Daktari Felista alikuwa na jeni yake. Tukifuturisha seli za saratani ya matiti kwa kichocheo fulani, muda mfupi tu baadaye jeni hiyo inapanda kama moto wa gesi. Tulirudia, ikapanda. Tukarudia tena, ikapanda. Mimi mwenyewe nilikuwa natia kichocheo kwa mkono huu. Daktari alikuwa asafiri kwenda kuwaonyesha wenzetu wa nje waliokuwa wanasaidia kazi hiyo, nao ndio waliokuwa waamue kama utafiti uendelee au maabara ifunge mlango wa seli. Wote tuliokuwa mle tulikuwa tunakula kwa mlango huo. Mkataba wangu nao ulikuwa ukingoni.

Nikapewa likizo fupi kabla ya safari yake. Nikashuka Mombo, nikapanda mlima, nikafika nyumbani wakati wa kiangazi. Mjomba wangu Shekue, kaka yake mama, hakunipa hata nafasi ya kukaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Njoo uone jambo."

Akanipeleka bondeni kwenye matuta yake ya kabichi. Tuta moja lilikuwa limenona, majani mapana. La jirani yake lilikuwa na kabichi ndogo kama ngumi, majani yamejikunja.

"Unaona? Hili nimelipigia busta." Busta ni ile mbolea ya maji ya kupulizia majani. Aliinunua Mombo kwa muuzaji mwenye kipaza sauti. "Na hili sikulipigia. Tena nimefanya kisomi, kama ninyi. Nimeacha moja la kulinganishia."

"Busta uliichanganya na nini, mjomba?"

"Na maji. Ulitaka niichanganye na uji?"

"Maji mengi?"

"Nilivyoambiwa na yule bwana. Unapulizia mpaka majani yachuruzike na udongo ulowe."

"Na hili lingine ulilimwagia maji?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe wake wamekunywa soda. "Kiangazi hiki? Mfereji wenyewe tunaugombania! Kwa nini niloweshe tuta lisilo na dawa?"

"Kwa hiyo umejuaje kama ni busta au ni maji?"

Mjomba Shekue alilitazama lile tuta kavu. Kisha akageukia nyumbani na kumwita mama kwa sauti ya bonde zima: "Dada! Sasa najua kwa nini huyu mtoto wako mpaka leo hana mke!"

Nilicheka pamoja naye. Kicheko kikanikatikia katikati, nikiwa nimesimama na mguu mmoja kwenye tuta lake. Nilikuwa nimeiona maabara yetu.

Sisi tulifanyaje? Sahani za kichocheo tulizitoa kwenye inkubeta, tukaziweka mezani kwenye ubaridi wa kiyoyozi, tukamwaga mchuzi wa zamani, tukatia mchuzi mpya wenye kichocheo, tukazirudisha. Sahani za kulinganishia, zisizopata kichocheo, hatukuzigusa. Zilibaki ndani ya joto lao zimetulia. Mchuzi ulikuwa unatoka nje kwa ndege na kukwama bandarini kwa wiki nyingi, kwa hiyo tulikuwa tunaubana, na kila aliyefundishwa alifundishwa hivyo: kwa nini kupoteza mchuzi kwa sahani isiyo na kichocheo? Maneno yale yale ya mjomba, ila sisi tulikuwa tumevaa makoti meupe.

Na seli haisikii kichocheo peke yake. Inasikia baridi, inasikia kutikiswa, inasikia mchuzi mpya. Baadhi ya jeni za mwanzo zinaamka kwa usumbufu wowote ule. Nilishayasoma hayo chuoni, nikayafaulia mtihani, nikayaacha kwenye mtihani.

Njia nzima ya kurudi Dar nilikuwa najibishana mwenyewe. Nikinyamaza, Daktari atasafiri na jeni yake, wataridhika, nitaongezewa mkataba. Huenda hata jeni ni ya kweli. Nikisema, na kama nimekosea, nimempotezea siku zilizobaki. Nikisema na nikawa sahihi, nimemvunjia nyumba aliyenikaribisha.

Nilimkuta mezani kwake asubuhi anapanga picha za kuonyesha. Pili alikuwa anafuta meza kwa spiriti.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba, Mgosi. Karoti zangu umeleta?"

"Nimeleta. Na swali nimeleta."

Nikamweleza. Nilipomaliza, alivua miwani, akaiweka juu ya zile picha.

"Unaniambia mimi, muda wote huu, nimepima ubaridi wa kiyoyozi?"

"Sijui, Daktari."

"Husemi ndiyo?"

"Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Sijui. Na sioni kama sisi tunajua."

"Unajua ninasafiri lini?"

"Najua."

"Unajua wewe mwenyewe unakaa hapa kwa mkataba wa nani?"

"Wako, Daktari."

Kisha Pili, bila kuacha kufuta meza ambayo ilishakauka, akasema: "Mimi naweza kuzifungisha leo. Mgosi akikosea, tumcheke mwaka mzima."

Daktari Felista akavaa miwani yake. "Fungisha," akasema. "Na karoti ziweke kwenye friji ya chai. Ukiziweka kwenye friji ya seli nakufukuza leo leo."

Tulipanga sahani makundi matatu. Kundi la kwanza halikuguswa, kama tulivyozoea. La tatu lilipata mchuzi mpya wenye kichocheo. La katikati ndilo lililokuwa geni: lilitolewa nje muda ule ule, likamwagwa, likatiwa mchuzi mpya pamoja na tone la yale maji ambayo kichocheo huyeyushiwa, yakiwa matupu. Kila baridi, kila mtikisiko, kila kitu sawa, ila kichocheo hakuna. Nikamwomba Pili aziandike alama anazozijua yeye tu, nisijue ninapima sahani ipi. Aliniuliza kwa nini, sijiamini? Nikamwambia kwa jambo hili nimeshachagua upande, na mkono wa mtu aliyechagua upande unatetemeka kuelekea huko.

Siku ya kupima, Daktari alikaa mwenyewe mbele ya mashine. Mistari ikaanza kupanda kwenye skrini. Pili alipotusomea alama zake, jeni ya Daktari ilikuwa imepanda kwenye sahani za kichocheo, kama kawaida. Na mstari wa sahani za maji matupu ukaufuata karibu karibu, kama mtu na mdogo wake njiani. Tofauti ilikuwepo, ndogo. Ule moto wa gesi tulikuwa tumeuwasha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa kufungua mlango.

Sikufurahi. Niwaambie ukweli, nilitamani kuwa nimekosea.

Daktari Felista alikaa akiutazama ule mstari. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tupime na zile za baadaye."

Hapo mjue jambo. Jeni zinazoamka mwanzo zinaamsha nyingine, ambazo zinapanda taratibu, baada ya saa kadhaa. Tulikuwa na sampuli za muda huo, na kulikuwa na jeni moja ambayo hakuna aliyeililia kwa sababu ilipanda kidogo na kwa kuchelewa. Tukaipima. Sahani zisizoguswa, kimya. Sahani za maji matupu, kimya vile vile, mistari imelala pamoja. Sahani za kichocheo, ikapanda.

Pili aliziona alama zake kabla yetu. "Daktari," akasema, "hiyo ni ya kichocheo. Peke yake."

"Rudieni."

Tukarudia, ikapanda. Tukatia dawa ya kuziba kipokezi kabla ya kufuturisha, ikanyamaza. Tukaitoa dawa, ikapanda. Mnaelewa ni raha gani ile? Seli imeambiwa neno moja, umeliziba, haikusikia, umeliachia, imesikia. Baridi haikuweza kuiamsha, kutikisa hakukuweza, mkono wangu haukuweza. Nimewahi kuona milima yetu ikifunguka baada ya ukungu wa wiki nzima, na nawaambia mistari ile ilikuwa mizuri zaidi.

Daktari alisafiri na jeni hiyo ndogo. Aliporudi alitusimulia, huku bado amevaa nguo za safari, kwamba aliwaonyesha kwanza ile iliyoanguka, na jinsi ilivyoanguka. Bwana mmoja aliyekuwa ameshanyanyua mkono ili kuuliza, akaushusha. Kazi ikaendelea, na mkataba wangu wa muda ukawa ajira. Siku hiyo hiyo aliyorudi alichukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye mlango wa inkubeta: HAKUNA SAHANI YA MGOSI, HAKUNA MATOKEO.

Mjomba Shekue naye msimu uliofuata alimwagilia tuta la tatu kwa maji matupu, akijifanya anafanya hivyo kunikomesha. Kabichi zilikuja vizuri. "Kwa hiyo yule bwana wa Mombo," akaniambia, "aliniuzia mfereji wangu mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Lakini la busta majani yamekolea zaidi. Angalia vizuri." Nikaangalia vizuri. Yalikuwa yamekolea zaidi, kidogo. Nikamwambia hivyo, na hakuniita mtoto asiye na mke kwa muda mrefu.

Hivi karibuni nilikwenda Dar kwa matibabu ya macho, nikapita maabara. Hakuna anayenijua sasa. Pili amerudi Tanga, Daktari Felista alistaafu kabla yangu. Alinipokea kijana mmoja, Gerald, mpole, mikono safi, kucha fupi. Nikajitambulisha kuwa mstaafu tu anayepita kuangalia. Inkubeta ni mpya, mlango wake hauna maandishi. Alikuwa anapanga sahani, na nyingine amezipiga herufi M kubwa.

"Hiyo M ni nini?"

"Sahani ya Mgosi, mzee. Unaitendea kila kitu kama nyingine, ila kichocheo hutii. Bila hiyo hapa matokeo hayapokelewi."

"Mgosi ni nani?"

Akanyoosha mgongo. Niliona anatafuta jibu zuri kwa ajili ya mgeni. "Nadhani ni mtaalamu wa zamani, mzee. Mjapani."

Fahari ilinipanda mpaka masikioni, kisha ikasimama. Kijana anafanya jambo kila siku bila kujua limetoka wapi. Je, analijua linafanya nini, au amelikuta tu kama sisi tulivyoukuta ule ubahili wa mchuzi? Sikuweza kuondoka bila kujua.

"Ukiiondoa hiyo sahani," nikamwuliza, "utashindwa kujua nini?"

Aliitazama sahani, akatazama glavu zake.

"Kama ni kichocheo," akasema, "au ni mkono wangu."

Nikamshukuru, nikamwacha na Mjapani wake.